Hai ya Mjapani

Tangu nishuke Tanga sijapata kunywa chai ikiwa bado moto. Kila anayeingia anavua viatu, anakaa mkekani, anauliza: "Ehe, ikawaje huko Japani?" Jamani, Japani mimi sijafika! Aliyekwenda Japani ni mdogo wangu Rajabu. Mimi nilitoka Riyadh kwenda Jeddah tu, kwa basi, na safari hiyo ilitaka kunitoa roho. Najua habari mmeshaipika na kuipakua, huyu anasema hili na yule anasema lile. Basi kaeni nisimulie mara moja, na atakayenikatiza ataondoka bila maandazi.

Kwanza tujuane. Mimi nafanya kazi maabara, hospitali moja pale Riyadh. Rajabu ni fundi wa matairi katika timu ya pikipiki za mashindano, timu ya Msaudia mmoja tajiri anayependa mbio kuliko usingizi. Mkewe ni Zaina, wifi yangu, mtoto wa Mombasa, mwenye maneno ya kuuza na kurudishiwa chenji. Zaina yuko Jeddah, mtaa wa Al-Safa, anafanya kazi za ndani na analala huko huko kwa madam wake. Simu yake mchana huwa juu ya rafu ya jikoni, anaishika kazi zikiisha.

Na sisi watatu tuna agano. Baba yake Zaina alipofariki, mtu alimpigia simu akamwambia kavukavu, "Baba yako katutoka," naye Zaina alikuwa ameshika karai la mafuta ya moto. Kovu analo mpaka leo, kutoka kiwiko hadi vidoleni. Tangu siku ile tukasema: msiba hautumwi kwa simu. Likitokea la kutokea, mtu atavaa viatu aende mwenyewe. Hilo lishikeni, maana ndilo lililotuponza.

RIYADH

Wiki nzima kabla ya siku hiyo Rajabu alikuwa ananitumia sauti kutoka Japani. "Dada, huu uwanja uko mlimani! Upande huu jua, ukizunguka kona upande wa pili mvua. Njia yenyewe inapanda na kushuka, si kama ile ya kwetu iliyolala jangwani. Na hawa watu, wallahi, fundi akiingia uwanjani asubuhi anauinamia kwanza, anausalimia. Nimeanza na mimi kuuinamia." Siku nyingine ananiambia matairi ya pikipiki yanavalishwa blanketi la umeme yapate joto kabla ya kuingia njiani. Nikamjibu, "Huku Riyadh mimi nalalia kiyoyozi kibovu hakuna wa kunivalisha, matairi yanapata blanketi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa hiyo nimetoka kuswali, napasha wali moto, nikafungua kundi letu la Watanzania na Wakenya. Mtu katuma video. Mvua inanyesha, pikipiki inaingia kule kwenye vibanda vya mafundi, inateleza, inamwangusha mwendeshaji, halafu inakuja peke yake, inalala ubavu na kuwasomba watu waliosimama. Watu wenye jaketi la kijani. Jaketi hilo nalijua, la Rajabu lilikuwa na mikono mirefu nikaipunguza kwa sindano yangu mwenyewe. Mmoja wao akaangukia nyuma ya rundo la matairi, na video ikakatika hajainuka.

Nikapiga simu yake. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa.

"Rajabu! Rajabu, uko hai?"

"Hai," ikajibu sauti. Si yake.

"Wewe nani? Rajabu yuko hai?"

"Hai, hai! Rajabu-san, hai!" Akaongeza maneno mengi ya kwao, nikasikia kelele za watu, simu ikakatika. Nilipopiga tena, imezimwa.

Mimi nikakaa sakafuni nikalia kwa furaha. Wala sikushangaa Mjapani kujua Kiswahili. Rajabu mnamjua, popote aendapo lazima afundishe watu. Pale gereji Riyadh yuko Mfilipino anamwamkia bosi wake "shikamoo", na bosi anaitika! Kwa hiyo nikajua wameshafundishwa. Yuko hai, alhamdulillahi, ila ameumia, na ameumia kiasi gani sijui.

Nikampigia bosi wa timu, simu imefungwa. Ofisini kwao mlinzi akasema, "Leo Ijumaa, mafi mtu," yaani hakuna mtu. Na Zaina jioni ataishika simu yake, ataiona ile video, na mikononi atakuwa na sufuria gani safari hii? Wali nikauacha jikoni. Hata Grace, nesi wa Kikenya ninayekaa naye, sikumwambia, alikuwa zamu. Ndege zote zimejaa watu wa umra. Nikavaa abaya, nikakimbilia kituo cha mabasi.

DHALM

Njiani baina ya Riyadh na Taif kuna mji unaitwa Dhalm. Sisi wenye lugha yetu ya dhalimu na dhuluma tukisikia jina kama hilo tunajua la kutarajia. Tulikuwa hatujaufikia, jua linazama, pu! Tairi la nyuma.

Dereva, Mpakistani mnene mpole, akashuka akalitazama, akarudi akakaa. "Muskila sagir," anasema, tatizo dogo. Dogo kwako! Nikashuka na mimi. Nikamuuliza la akiba liko wapi. Lipo. Jeki? Ipo, haifanyi kazi. Basi nikamwangushia maneno yote niliyofundishwa na Rajabu kuhusu mtu anayebeba tairi zima na jeki mbovu, nusu Kiarabu nusu Kitanga. Hakuelewa hata nusu, lakini aliposikia ukali wa sauti akasimama wima. Tukasubiri lori litupitie lituazime jeki. Nilikuwa nikizunguka lile basi, nakaa, nasimama, natazama simu, nazunguka tena. Abiria mmoja akaniambia, "Tulia, dada, utachimba barabara."

Tulipofika Dhalm hatimaye, kila mtu akaingia mkahawani. Jirani yangu kitini alikuwa Hajja Amuna, mama wa Kisudani mwenye mifuko minane hivi na huruma isiyopimika. Akanikalisha mbele ya sinia la wali na kuku, akawa ananivunjia mapande ya nyama na kunisogezea. "Kula, binti yangu. Nani kakutia wasiwasi hivi?"

Nikamweleza, kwa Kiarabu changu cha hospitali. Nikamwambia, "Lakini yuko hai, hajja. Mjapani mwenyewe kaniambia kwa lugha yetu: hai, hai."

Nyuma yangu mtu akacheka kidogo, kicheko cha adabu. Ni Mwindonesia, anakwenda umra na mkewe. Akasema samahani, hakukusudia kusikiliza, lakini alikaa Japani miaka mingi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. "Hai ni Kijapani," akasema. "Maana yake naam."

"Naam gani?"

"Naam tu. Ukiita mtu, hai. Akipokea simu, hai. Akiwa hajaelewa hata neno moja, hai, hai. Msimamizi wangu hata ungemwambia nyumba yake inaungua, angeanza na hai."

Akatabasamu, akidhani amenipa kichekesho cha njiani. Kisha akaniona uso. Mkewe akamfinya.

Enyi watu, sijui niwaambieje. Tonge nililokuwa nalo mkononi nikalirudisha siniani. Kumbe toka mchana sina habari yoyote! Nilimuuliza mtu kama ndugu yangu yu mzima, naye kaniambia naam, nakusikia. Na kama alikuwa anashika simu ya maiti? Ile furaha niliyolia nayo sakafuni niliionea haya, na hofu niliyoikimbia mchana ikanikuta pale pale kwenye wali. Hajja Amuna akanishika mkono, akaniambia, "Nyamaza, mtu hafi kwa tafsiri." Neno zuri, lakini mtu haponi kwa tafsiri pia.

MIKATI

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nasikiliza sauti za Rajabu kwa mzunguko, ile ya mlima, ile ya blanketi, ile anayosema mashabiki wa kule wakimaliza kutazama mbio wanaokota takataka zao na kuondoka nazo. "Dada, majukwaa yanabaki masafi kuliko sebule yako!" Nikawa nacheka na machozi yananitoka, Hajja ananipa tende bila kuniuliza. Kila nikipiga simu ile, imezimwa.

Alfajiri tukafika mikati, pale penye mpaka wa kuvalia ihramu juu ya Makka. Basi zima likashuka. Wanaume wakaingia na kanzu wakatoka na shuka nyeupe. Mimi nikaswali kona ya peke yangu, nikarudi kukaa na abaya yangu ile ile. Wanawake wakaanza kunitazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona wewe hunuii?" Nikasema naenda Jeddah, sina nia ya umra safari hii. Wakatazamana, wakashushiana sauti, kisha mmoja akanipigapiga begani: "Usihuzunike, mwanangu, Mungu kawaandikia hilo mabinti wote wa Hawa. Siku zako zikiisha utarudi."

Lahaula! Wanadhani niko mwezini! Na mbele ya Mwindonesia wa watu! Nilitaka kuwaeleza, nikaona nikianza kueleza nitalia, nikaacha niwe mwezini. Wakanipa na maji ya moto ya tumbo, nikayanywa.

Nilichokuwa nakiwaza ni kimoja. Nikigonga mlango Zaina akafungua, swali lake la kwanza litakuwa lipi? "Wifi, yuko hai?" Na mimi nimjibu nini? Nikisema yuko hai, ni uongo, sijui. Nikisema sijui, ataniuliza basi umekuja kufanya nini mpaka huku. Kwetu mtu akitoka Riyadh mpaka Jeddah bila taarifa, ameshasema.

MAKKA, KWA BAHATI MBAYA

Hapa ndipo mtacheka. Basi likaingia Makka kushusha watu wa umra, na mimi usingizi ndiyo umenijia kwa kunivizia. Dereva anauliza kila mtu anashukia wapi. Hajja Amuna kwa wema wake akanijibia, "Huyu anakwenda Safa." Alinisikia nikisema Al-Safa, kwa wifi.

Watu wote walioko kwenye basi wanajua Safa moja tu, ya Safa na Marwa, vilima vya Makka. "Safa! Safa hapa! Yalla, yalla, shuka!" Nikaamshwa, nikapewa begi langu, nikasukumwa kwa mapenzi. Yule mama wa mikati akafurahi: "Zimekwisha?" Nimesimama kando ya barabara, nashangaa mbona hakuna bahari wala majumba ya Al-Safa, nageuka, basi linaondoka.

Nilikimbia, wenzangu. Na abaya, na begi, na kiatu kimoja kimetoka. Nilikuwa nikipiga kelele, "Jeddah! Al-Safa ya Jeddah!" Aliyeniona ni yule Mwindonesia na shuka zake mbili, akakimbia mbele ya basi amenyoosha mikono, nusura ihramu imvuke. Dereva akafunga breki. Nilipopanda nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba kwa muda mfupi nilisahau kuogopa, na nilipokumbuka nikaona afadhali hasira.

AL-SAFA

Jeddah nikachukua teksi. Asubuhi imeshakuwa, joto la kule mnalijua wenyewe mliokwenda hija, linakuvaa hujafika mlangoni. Dereva anataka kuzungumza mpira, mimi namwitikia hai, hai, nikajishika mdomo.

Nikagonga geti. Desturi ya nyumba ile, anayefungua ni Zaina, na kabla hujaingia ameshakutania. "Karibu wifi wa Riyadh, leo umekuja kunikagua?" Nikawa nimesimama natafuta neno la kuanzia. Geti likafunguliwa, aliyefungua ni madam mwenyewe, Um Faisal, kavaa jalabia ya nyumbani na mikono ina unga.

Akanitazama kama aliyeona jini. "Wewe? Wewe si ndiye dada yake Rajabu? Wa Riyadh?"

"Ndiye, madam. Zaina yuko wapi?"

"Zaina mafi. Zaina kaenda Riyadh. Jana usiku nimemtafutia ndege mimi mwenyewe. Kaenda kwako!"

Nilishika nguzo ya geti. Kwa sababu, jamani, mnanielewa? Zaina kavaa viatu. Zaina, ambaye tumeagana naye, kaacha kazi, kapanda ndege, kaja kwangu bila kunipigia. Hakuna anayefanya hivyo kwa habari njema. Ile hofu yote ya njiani ilikuwa na mlango mdogo wa kutokea, na mlango huo ulifungwa pale. Nikasema, "Rajabu kafa," kwa Kiswahili, na madam hakuhitaji kufasiriwa.

Akanivuta ndani mpaka jikoni, akanikalisha kwenye kiti cha Zaina, akanimiminia maji. Nikamuuliza Zaina alisema nini. Akasema hakusema kitu, aliona kitu kwenye simu, akalia, akasema lazima niende kwa wifi yangu, na kwa haraka ile hata simu yenyewe aliisahau pale juu ya rafu. "Imelia usiku kucha," madam akasema. "Namba ya nje. Sikuigusa. Si simu yangu. Na kusema kweli, niliogopa."

Hapo simu yangu mimi ikalia. Grace.

"Haki uko wapi?" anapiga kelele. "Nimetoka kazini nimepata Zaina amekaa mlangoni kwetu, analia tu, hataki kuniambia kitu, anasema anakungoja wewe! Shika, ongea naye."

"Wifi," ikaja sauti ya Zaina, nyembamba. "Uko wapi, wifi?"

"Niko kwako. Niko jikoni kwa madam wako. Na wewe?"

"Niko kwako."

Mimi nangoja aniambie, yeye anangoja nimwambie. Namsikia anavyopumua. Kisha akasema, "Umekuja mwenyewe, wifi? Umekuja mpaka Jeddah?" na nikasikia alichokielewa, kwa sababu ndicho nilichokielewa mimi pale getini. Akapiga ukunga. Na mimi nikapiga. Kila mmoja anamlilia mtu ambaye mwenzake ndiye aliyemuua kwa kufunga safari! Nyumba ya watu, asubuhi, nalia kilio cha kwetu cha kujishika kichwa, na madam naye kajitupa kiti cha pili analia kwa Kiarabu. Grace kule anauliza, "Nani amekufa? Si mniambie nani amekufa!" na hakuna anayemjibu.

Katikati ya kilio hicho ile simu ya rafuni ikaanza kuita.

Madam akainuka, akaiteremsha kwa ncha za vidole, akaniwekea mbele. Namba ndefu ya nje. Nikatikisa kichwa, sitaki. Akasema, "Pokea, binti yangu. Ukiisha kuijua utaibeba. Hii usiyoijua ndiyo nzito." Akanishikisha.

Nikaipokea, nikaiweka sikioni. Nalia tu.

"Zaina?" ikasema sauti. Imechoka, inakokota, lakini ile ile ya blanketi la matairi. "Zaina, mke wangu, usilie. Nimevunjika nyonga, wamenitia vyuma, nimezinduka. Simu yangu imebaki uwanjani, hii ya daktari. Zaina?"

"Rajabu," nikasema. "Ni mimi. Ni dada."

"Dada," akasema polepole. "Mbona una simu ya Zaina?" Hakuningoja nijibu. "Dada, uko Jeddah? Umekwenda Jeddah?" Sauti ikaanza kumtetemeka. "Umekwenda mwenyewe? Dada, Zaina kapatwa na nini? Zaina wangu kafa?" Na mdogo wangu, amelala kitanda cha hospitali kwenye milima ya Japani na vyuma nyongani, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na nikasikia watu wanakimbilia kitandani kwake.

"Mzima!" nikapiga kelele. "Mzima, Rajabu, wallahi mzima!" Haamini. Nani angeamini? Namwapia, analia, namwapia, analia.

Basi nikachukua simu ile ya mkono huu, yenye Rajabu, na simu yangu ya mkono huu, yenye Zaina, nikafungua sauti zote mbili, nikazikutanisha mdomo kwa sikio na sikio kwa mdomo.

"Sema," nikamwambia wifi yangu.

"Rajabu?" akasema Zaina.

Upande wa pili kilio kikakatika.

Madam akatoka nje, akaufunga mlango wa jikoni taratibu. Mimi sikuweza kutoka, nilikuwa ndiye niliyezishika. Mikono ilikufa ganzi mpaka mabegani, na sikuishusha.